Namba yenye alama ya kuuliza: upangaji wa viwango wa Lichess

Mezani kwangu pale Makoroboi, Mwanza, ninapotengeneza simu, kuna hita ya kubandulia vioo, bisibisi za kila saizi, hadubini ndogo ya kukagulia bodi, na simu yangu mwenyewe nimeiegemeza kwenye kopo la spiriti. Kati ya saa nane na saa kumi mchana wateja hupungua, na hapo ndipo ninapocheza chesi. Mchezo wa dakika tano kwa kila upande unaisha kabla gundi ya kioo haijashika. Ni mwaka wa tatu sasa niko Lichess, tovuti ya kuchezea chesi mtandaoni, na nimepita michezo elfu mbili. Mengi yameshasemwa kuhusu huduma hii, kwamba ni bure, haina matangazo, aliianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010 na inaishi kwa michango ya wanaoitumia. Mimi nataka kuzungumzia kitu kimoja: namna inavyompanga mtu kiwango. Nimecheza gemu nyingi za kushindana mtandaoni, na hii ndiyo ya kwanza kuniambia mimi ni mchezaji wa namna gani na papo hapo kuniambia ina uhakika kiasi gani na inachosema.

Ukifungua akaunti unakuta umepewa 1500, na mwishoni mwa namba hiyo kuna alama ya kuuliza. Mchezo wangu wa kwanza nilifungwa, namba ikaporomoka zaidi ya pointi 200 kwa mkupuo mmoja. Wa pili nikafungwa tena, ikashuka mia na kitu. Siku ya tatu nilikuwa chini ya 1100, nikaanza kukutana na watu wa saizi yangu, nikashinda, nikafungwa, nikashinda. Hatua zikawa zinapungua: themanini, hamsini, thelathini. Siku moja niliangalia nikakuta alama ya kuuliza haipo tena. Tangu hapo mchezo mmoja dhidi ya mtu wa kiwango changu hunipa pointi sita au saba, au hunichukulia hizo hizo.

Kilichonifungua macho kuhusu zile hatua ni kijiwe cha drafti kilicho mkabala na banda langu. Wazee wanachezea visoda, upande mmoja vimelala chali na upande wa pili vimefudikizwa, juu ya ubao uliochorwa kwa kalamu ya wino. Akija mgeni hawamkalishi na bingwa wao, wala hawamkalishi na kijana anayejifunza. Wanamkalisha na mtu wa katikati. Akimpiga huyo haraka haraka, anasogezwa juu hatua kubwa. Akifungwa, anashushwa. Baada ya michezo minne mitano wameshajua anapokaa, na kuanzia hapo mchezo mmoja haumhamishi. Bingwa akiliwa leo na dereva wa bodaboda, kijiwe kizima kinapiga kelele, lakini kesho yule mzee anakaa kiti chake kilekile.

Kuna mzee mmoja aliondoka miaka miwili kwenda Geita machimboni. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya juu, akaambiwa, "Ndugu yetu, tunakuheshimu, lakini hatujui kama bado ni yule yule. Anzia hapa kwanza." Nilikuwa nimekaa nasubiri bodi ikauke, nikayasikia maneno yale, nikasema hii ndiyo Lichess.

Hesabu inayotumika kule inaitwa Glicko-2. Mwenye nayo ni Mark Glickman, mtakwimu wa Marekani, aliyetoa Glicko ya kwanza mwaka 1995. Kati ya namba anazobeba kila mchezaji, mbili ndizo muhimu hapa. Moja ni kiwango, ndiyo watu wanayoiona. Ya pili ni kipimo cha shaka, na Lichess haikifichi: ingia kwenye ukurasa wa takwimu zako, chagua aina ya mchezo, utakikuta. Leo mchana kwenye Blitz, yaani michezo ya haraka kama ile yangu ya dakika tano, mimi nina 1418 na shaka yangu ni 54. Shaka ikizidi 110, namba inavaa alama ya kuuliza. Anayetaka kuingia kwenye orodha ya wanaoongoza lazima ashushe shaka yake chini ya 75, ili mtu asishinde michezo kumi ya bahati kisha akajipachika kileleni. Shaka ikiwa kubwa hatua ni kubwa, ikipungua hatua zinafupika. Ukikaa muda mrefu bila kucheza shaka inapanda yenyewe, taratibu, na alama ya kuuliza inaweza kurudi. Kiwango chako hakikatwi kwa sababu ulikuwa na shughuli nyingine. Wanachosema ni kwamba hawajakuona siku nyingi.

Kabla ya hapo hesabu iliyotawala kwenye chesi ilikuwa ya Elo. Wengi huandika ELO kwa herufi kubwa kama kifupisho cha kitu fulani, kumbe ni jina la mtu: Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu huko Milwaukee. Shirikisho la chesi la Marekani liliichukua hesabu yake mwaka 1960, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wakaifuata mwaka 1970. Msingi wake bado ndio unaotumika mahali pengi. Anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuchukua kama pointi tatu katika kila michezo minne mtakayocheza. Akizichukua, hajapata cha ajabu. Wewe ukimfunga, unalipwa vizuri. Kinachokosekana kwa Elo ni ile namba ya pili. Mtu aliyecheza mara nane na mtu aliyecheza mara mia nane, wote wakiwa 1400, kwa Elo wanafanana. Kwa wazee wa drafti hawafanani hata kidogo.

Mdogo wangu ni mtu wa gemu za kupigana risasi kwenye simu. Ile aliyokuwa anaicheza sana sitaitaja jina, lakini nilikaa naye usiku mwingi nikiangalia ranki zake zikipanda. Shaba, fedha, dhahabu, kisha majina makubwa zaidi yenye mabawa na taji. Kila msimu ukiisha anarudishwa chini, anaanza kupanda ngazi zilezile. Ranki za chini zilijaa boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, anaua kumi na tano anajiona mwamba. Nilichogundua ni kwamba kupanda kule kulifuata saa alizokaa kuliko alivyocheza. Likizo alipanda sana. Shule zilipofunguliwa akakwama. Siku moja aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Dada, mimi kwani najua kucheza au sijui?" Alikuwa na taji kwenye jina lake, na bado hakuwa na namna ya kujua. Hilo liliniuma, maana kijana ametoa jioni zake zote kwa kitu kile na hakijampa jibu.

Kwa haki, gemu za timu zina kazi ngumu kuliko chesi. Wanne wakishinda pamoja, nani kafanya nini? Microsoft walilishughulikia jambo hili mwaka 2005 kwa TrueSkill, mfumo wa viwango wa Xbox Live, huduma yao ya kuchezea gemu mtandaoni. Nao una namba mbili kwa kila mchezaji, makadirio na shaka, na unajua kuzigawa ndani ya timu. Kiwango anachoonyeshwa mtu kimekokotolewa kwa kutoa shaka mara tatu kutoka kwenye makadirio, kwa hiyo mgeni anaanzia sifuri na anapanda kadiri anavyofahamika. Kwa hiyo njia ipo. Tatizo ni kwamba gemu nyingi huificha hesabu hiyo nyuma ya pazia na kumpa mchezaji bawa la kupendeza badala yake.

Nirudi Lichess. Viwango vimetenganishwa kwa kasi ya mchezo: UltraBullet, Bullet, Blitz, Rapid, Classical, kutoka ya haraka kabisa hadi ya polepole, kila kimoja na namba yake. Mwanzoni nililiona hili kama usumbufu, leo nalitetea. Kwenye Rapid, dakika kumi kila upande, nina pointi karibu 150 zaidi ya Blitz, na tofauti hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba ninajua kufikiri ila naharibu nikiona saa inakimbia. Hata mafumbo ya chesi yana kiwango chake. Ukilitegua fumbo unapanda, nalo linashuka, kana kwamba mmecheza. Napenda sana wazo hilo.

Kitu kingine nilichokiona mwenyewe: mwaka jana niliingia asubuhi nikakuta ujumbe kwamba mtu aliyenifunga siku za nyuma amegundulika kutumia kompyuta kumchagulia hatua, na pointi zangu zimerudishwa. Zilikuwa tisa. Nilikuwa nimeshausahau mchezo ule, lakini nilikaa nikiutazama ujumbe ule hadi mteja akagonga meza.

Na bando likikata katikati ya mchezo, ukachelewa kurudi, umefungwa. Hakuna rufaa. Lakini ni pointi sita, na jioni unazirudisha.

Kasoro zipo. Mtu asiyejua hata farasi anavyotembea naye anaanzia 1500, kwa hiyo michezo yake ya kwanza ni kipigo mfululizo mpaka hesabu imfikie. Wengi huachia hapo. Ningependa waulizwe mlangoni kama wamewahi kucheza. Pia namba ya Lichess si namba ya FIDE, na kwa kawaida ya Lichess huwa juu zaidi, kwa hiyo usiende nayo kwenye mashindano ya ubaoni ukadhani watakutambua kwayo. Na namba hii inashika moyo. Kuna jioni nimefungwa mara tano mfululizo, nikaendelea kuikimbiza hadi saa sita usiku, na kesho yake mikono haikutulia kwenye hadubini. Dawa ipo ndani ya mipangilio: unaweza kuzima viwango vyote visionekane, vyako na vya wapinzani, ukacheza chesi tupu. Nilizima mwezi mzima wa Ramadhani. Nilicheza vizuri, na nilipowasha tena nilikuta nimepanda.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja bandani akakaa kwenye kigoda, akafungua akaunti yake mwenyewe. Mzee wa Geita alikuwa amevuka barabara kuja kuchukua simu yake. Nilimwamkia, akaitika, akainama kuangalia kioo pamoja nasi.

"Dada, mbona wameweka alama ya kuuliza hapa?"

Kabla sijajibu mzee akasema, "Hawajakujua bado, mjukuu wangu. Cheza."

Alifungwa mitatu ya kwanza. Wa nne alishinda, kwa farasi aliyeshika mfalme na malkia kwa wakati mmoja, na akanigeuzia simu nione. Jana usiku alikuwa 1127, na alama ya kuuliza ilikuwa bado ipo.