Kliniki ya Mimea ya Gulioni: Mdudu wa Maharage Apatiwa Jina

Huduma ya kliniki ya mimea inayotolewa siku ya gulio huku kwetu Arumeru naipa sifa kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyonijulisha ni mdudu gani hasa anayetoboa majani ya maharage yangu kila masika yanapoanza.

Kabla ya hapo nilikwenda katika duka moja la pembejeo, nikauziwa dawa ya kupulizia bila mhudumu kuomba hata jani moja alitazame. Kliniki ilianza na mdudu mwenyewe. Mtaalamu aliwamwaga mbawakawa wangu juu ya karatasi nyeupe, akanipa lenzi, akaniambia nitazame vipapasio. Nilikuwa nikiwadhania kuwa wale wa mviringo wenye madoa wanaokula vidukari, ambao ni marafiki wa mkulima; kumbe vipapasio vya wale ni vifupi na vina kirungu nchani, ilhali vya hawa ni virefu na vyembamba kama uzi. Ndipo akaniandikia uainishaji wake: oda Coleoptera, familia Chrysomelidae, nusufamilia Galerucinae, jenasi Ootheca.

Majina hayo yalinifaa kuliko dawa niliyonunua. Kwa kuijua jenasi, mtaalamu aliweza kunieleza kwamba mabuu yake hula mizizi ya maharage na kunde, na kwamba wadudu kamili hubaki ardhini kiangazi chote wakisubiri mvua, mahali ambapo dawa ya majani haiwafikii. Ushauri wake ulikuwa kulima mara baada ya kuvuna ili jua liwaue, na msimu unaofuata kupanda mahindi au alizeti.

Spishi hakuitaja. Kaskazini mwa Tanzania wapo Ootheca bennigseni na Ootheca mutabilis, na huyu wa pili, kama jina lake la Kilatini linavyosema, hubadilika rangi, kwa hiyo sikuona kosa mtaalamu kuishia kwenye jenasi badala ya kubahatisha.

Lawama yangu ni ya ratiba. Kliniki hufunguliwa wakati wa mvua tu, ilhali ushauri wenyewe hutekelezwa baada ya mavuno, wakati ambapo hakuna wa kuulizwa. Mimi nililima mwezi wa Agosti, na katika bonge moja la udongo nikawakuta wanne, wazima, wakiwa na rangi ya chungwa inayong'aa.