Levriero wa kauri kutoka Italia: mguu ulifika peke yake

Nianze na mguu, maana ndio ulionipandisha hasira. Mguu wa mbele wa kushoto wa mbwa huyu wa kauri niliyemnunua ulifika umejitenga, umelala ubavuni mwake ndani ya boksi. Pale ulipokatika palikuwa na rangi mbili: nusu wekundu mkavu wa udongo uliovunjika juzi, nusu njano iliyokoza kama kucha za mvuta tumbaku. Njano ile ni gundi, tena gundi kuukuu. Yaani mbwa alishavunjika siku nyingi, akaungwa, akapakwa rangi juu, akapigwa picha za upande wa kulia tu, halafu akaandikiwa tangazo: "Hali nzuri sana, hana kasoro."

Urefu na uzito sitaji, hayo yamo kwenye tangazo lolote. Ni levriero, yule mbwa mwembamba wa mbio, ameketi, shingo imenyooka, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, wa kizazi cha mbwa wakubwa waliotengenezwa Italia kwa wingi miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya wateja wa nje. Ndiyo maana chini wameandikwa "Made in Italy" kwa Kiingereza, au "Italy" tu na namba iliyochorwa kwa brashi. Namba ile ni ya muundo, si ya mwaka. Anayekuambia 1954 ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa mbwa anakuchezea.

Huyu muuzaji wangu hakuishia hapo. Kwenye kichwa cha tangazo aliweka "Bitossi" na "Capodimonte" kwa pamoja, kama mtu anayeuza embe akiliita nanasi na papai. Bitossi ni kiwanda cha kauri cha Montelupo Fiorentino, karibu na Florence, na wanyama wake waliovuma, ile Rimini Blu ya mbunifu Aldo Londi, unawajua kwa kuwatazama tu: umbo limerahisishwa, mwili umejaa alama zilizogandamizwa kwenye udongo ukiwa bado laini, juu yake buluu inayobadilika kuelekea kijani. Si mbwa mweupe mwenye sura ya mbwa kweli. Capodimonte nayo ilikuwa karakana ya mfalme huko Naples, ilianza 1743, na 1759 mfalme alipokwenda kutawala Hispania akaihamisha. Ile alama ya N yenye taji, inayohusishwa na jina hilo, imebandikwa na viwanda vingi baadaye. Peke yake haithibitishi chochote. Lakini hili la majina nilimsamehe kabla sijanunua. Nilinunua macho ya mbwa, si jina. La mguu ndilo silisamehi.

Kwa nini mguu, na kwa nini pale pale juu, unapokutana na kifua? Mbwa hawa hawafinyangwi kwa mkono. Uji wa udongo humiminwa ndani ya kalibu ya jasi. Jasi hunyonya maji, ganda la udongo likajijenga kwenye kuta za kalibu, kisha uji uliobaki ukamwagwa. Kifua na tumbo hubaki na uwazi ndani, unene wa ganda kama kifuu cha nazi au kuzidi kidogo. Miguu ya levriero ni myembamba, kwa hiyo ganda la upande huu na la upande ule hukutana katikati, mguu ukajaa tiki. Sasa kitu kilichojaa na kitu chenye uwazi havikauki kwa mwendo mmoja wala havisinyai sawasawa. Panapoungana hubaki mvutano, na ukitoka tanurini hauonekani, lakini upo. Unasubiri mtu amnyanyue mbwa kwa miguu.

Usimnyanyue hivyo. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine kifuani. Si shingo, si masikio, na mkia hata usiuguse.

Kabla ya kulipa, omba picha hizi, na muuzaji akigoma ondoka: miguu yote minne kwa karibu pande zote mbili, nyuma ya masikio, ncha ya pua, shina la mkia, na chini kabisa penye tundu. Kila mbwa wa aina hii ana tundu chini, la kutolea hewa wakati wa kuchomwa. Tundu hilo ni dirisha. Muuzaji aingize mwanga wa simu na kupiga picha ndani, maana watu hupaka rangi nje kwa ustadi mkubwa, lakini ndani gundi iliyochuruzika huachwa kama ilivyo. Kwangu matone matatu yalikuwa yanang'aa ndani ya kifua kama kamasi. Picha moja tu ya tundu ingeniokoa.

Ukiwa na mbwa mkononi mambo ni rahisi zaidi. Mgonge kwa kifundo cha kidole, kama kinavyogongwa chungu sokoni: mzima hulia, mwenye ufa husema "dob". Kisha chukua sindano, iburute taratibu bila kukandamiza. Juu ya utando wa kioo uliochomwa huteleza. Juu ya rangi ya kuficha hukwama kidogo, kama inapita juu ya nta. Tochi ya miale ya urujuanimno, ya nanomita 365, ukiwa gizani, huonyesha viraka vyenye mwanga tofauti na mwili wote. Tochi isipoonyesha kitu usishangilie, zipo rangi za mafundi wa leo zisizong'aa. Rudi kwenye sindano. Asetoni (kile kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha) kwenye pamba ndiyo hukumu ya mwisho, huondoa rangi nyingi za kuficha na haigusi utando. Ila chunga hapa: pua, ulimi na mkanda wa shingoni vya mbwa wengi wa Italia vilipakwa baada ya tanuri, bila kuchomwa. Ukipitisha asetoni hapo unafuta rangi halisi, na utabaki na mbwa asiye na pua, na wa kulaumiwa ni wewe mwenyewe.

Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mwili mzima si ugonjwa. Udongo huu ni wa joto dogo, tanuri la kama nyuzi 1000, unanyonya maji kama mtungi. Udongo ukivimba kidogo kidogo kwa unyevu miaka mingi, kioo cha juu hakinyumbuki, kinapasuka. Walio karibu na bahari wataziona zaidi. Usimwoshe kwa kumzamisha kwenye beseni: maji yanaingia kwa tundu na kwa nyufa, yanatoka na madoa ya kahawia yasiyoondoka. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Sasa ufungaji. Hapa nilikuwa nimeandika aya nzima ya matusi, nimeifuta. Nibakize ukweli: boksi moja, magazeti, na nailoni ya mapovu mzunguko mmoja. Katikati ya miguu ya mbele na kifua hapakuwa na kitu, uwazi mtupu. Hapo ndipo alipouawa. Boksi likidondoka, mwili mzito unasonga mbele, mguu unabaki, na ile gundi ya zamani ikaachia. Magazeti nayo hulala njiani: baada ya siku mbili za kutikiswa yameshuka, mbwa amefika kwenye ukuta wa boksi.

Kinachotakiwa si siri. Uwazi katikati ya miguu ujazwe kwanza kwa karatasi laini iliyokunjwa, mpaka mguu usiwe na pa kwenda. Kisha karatasi laini mwili mzima ndipo nailoni ya mapovu, angalau mizunguko mitatu. Selotepu ishike nailoni, isiguse mbwa, kwa sababu hung'oa dhahabu na rangi isiyochomwa. Boksi la kwanza limbane asicheze. Boksi la pili liwe kubwa zaidi kwa sentimita 5 hadi 8 kila upande, chini pia na juu pia, na nafasi hiyo ijazwe kwa kitu kisichosinyaa, vipande vya sponji ngumu kwa mfano. Tikisa. Ukisikia kitu, fungua uanze upya. Kibandiko cha "kinavunjika" ni pambo. Pakia kana kwamba boksi litadondoshwa, maana litadondoshwa.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, picha tisa, pamoja na ile ya njano. Jibu lake, nalitafsiri bila kupunguza: "Kitu kina miaka sitini. Kama ulitaka kipya ungeenda dukani." Kuhusu gundi, kimya. Nilipouliza mara ya pili: "Vunjiko ni la msafirishaji, mdai yeye." Msafirishaji akasema kauri haimo kwenye fidia yao, na hata ingekuwemo, boksi moja ni ufungaji usiofaa. Kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzake na mguu uko mezani kwangu. Mimi kitu cha zamani nakitaka kiwe cha zamani, kasoro zake nazipokea, hata aliyeungwa namnunua. Kwa bei ya aliyeungwa. Bei ya mzima haiwezi kuwa ndiyo hiyo hiyo.

Nilimpa muuzaji nyota moja usiku ule. Asubuhi nikaongeza ya pili, na sababu ni mbwa mwenyewe. Aliyechora yale macho alijua kazi: mstari mmoja mweusi wa brashi juu ya kope, mnene mwanzoni, ukaisha kwa ncha kama unywele, bila kurudiwa. Mbwa anatazama kitu nyuma yako. Hakuna kalibu inayotoa hilo.

Kwa atakayekutwa na janga hili: usikimbilie supagluu. Inazama kwenye udongo unaonyonya, inakamata kabla hujapanga sawa, na ukikosea nusu milimita kwenye mguu, unyayo hautagusa chini. Gundi ya zamani jaribu kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Isipolegea, pamba iliyolowa asetoni ikae saa kadhaa imefunikwa kwa karatasi ya alumini, dirisha likiwa wazi. Yangu ililegea kwa asetoni, nikaitoa kwa kijiti cha mbao. Usipige msasa, kioo cha zamani huweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Kisha Paraloid B-72, gundi ya akriliki ya wakarabati, ikiwa nyepesi, asilimia 5 hadi 10 ndani ya asetoni, kuziba vinyweleo pande zote mbili, ikauke, ndipo ile nzito ya kuungia. Mlaze mbwa chali kwenye mchanga mkavu ili mguu usimame wima juu ya vunjiko lake, uzito wake wenyewe ufanye kazi ya kubana. Uache siku nne, tano. Kwa walio Dar au Mombasa: Paraloid huanza kulainika kwenye nyuzi 40, hivyo mbwa asikae dirishani penye jua la mchana. Levriero aliyeketi, uzito mwingi uko kitakoni, mguu wa mbele hauna mzigo mkubwa. Atasimama.

Amesimama. Nilitaka kumpandisha muuzaji hadi nyota tatu, maana wengine sanamu zao hazifiki kabisa. Kisha juzi nikaona ameweka tangazo jipya: levriero wa pili, pacha wa huyu, anayetazama upande mwingine, maana hawa waliuzwa kwa jozi. "Hali nzuri sana, hana kasoro." Picha nne, zote za kulia. Nyota zimebaki mbili.

Nimemwomba picha ya mguu wa mbele wa kushoto, na moja ya tunduni. Hajajibu bado.