NAD+ ipi ununue, na kwa nini nimeacha chupa kubwa

Mwezi uliopita nilifungua chupa ya gramu 5 ya NAD+, ile molekuli inayosaidia vimeng'enya vya seli kufanya kazi, unga ukang'ang'ania kijiko kama chumvi ya jikoni wakati wa masika. Nikapima miligramu 66.3, nikayeyusha kwenye mililita 10 ili nipate milimola 10. Nikazimua mara 200, nikaweka kuveti (kichupa angavu cha kupimia) kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga uliofyonzwa. Kwa mwanga wa nm 260 nilitegemea ufyonzaji wa kama 0.9. Ikasoma 0.74. Karibu moja ya tano ya unga niliopima yalikuwa maji, na seli zangu zilikuwa zimeshalishwa mchanganyiko huo wiki mbili.

Watu wanauliza usafi: asilimia 95 au 98? Usafi sina ugomvi nao. Ile 98 ya HPLC, kifaa kinachotenganisha na kupima kemikali, haihesabu maji, kwa sababu kifaa hakiyaoni. Fungua cheti cha uchambuzi, tafuta mstari wa maji. Haupo? Usilipie.

Ninayoichukua kwanza ni Sigma-Aldrich, ile ya asidi isiyo chumvi, chupa ndogo kuliko zote. Naipendelea na sifichi: naingiza namba ya toleo kwenye tovuti yao, cheti cha chupa yangu hicho hapo. NADH, yaani NAD+ iliyopokea elektroni, wanayo hata kwenye vichupa vilivyokwisha kupimwa. Unayeyusha, unatumia, mizani huigusi. Raha iliyoje!

Ya pili ni Roche, ambayo siku hizi unaikuta katalogi ileile ya Merck, wamiliki wa Sigma-Aldrich.

Ya tatu ni NAD+ iliyo chumvi ya lithiamu, na hii nitaitumia kwa vimeng'enya ndani ya kuveti tu. Kwenye seli hai hapana. Lithiamu huzuia GSK-3, kimeng'enya cha ndani ya seli, kwa hiyo unaweza kuandika ripoti nzima ya NAD+ kumbe ulichokiona ni kazi ya lithiamu.

Unga wa bei chee wa mtandaoni na vidonge vya lishe: pita.

Yoyote utakayonunua, ikitoka friza iache ipate joto la chumba kabla hujaifungua. Ukiifungua ingali baridi, umande unaingia wenyewe, hasa kwa hewa ya Dar.

Sasa hawa mawakala. Aliyeniuzia ndiye aliyenisukumia gramu 5, eti "kwa gramu inashuka bei". Ankara ina mstari wa usafirishaji wa baridi, tena mnene. Boksi likafika na pakiti za jeli vuguvugu kama maji ya kuoga. Nilipompigia akaniambia, "Dada, huo ni unga tu, hauharibiki." Kaka, unga ndio unaokunywa maji! Nikaomba cheti, akanitumia cha toleo jingine. Nikaomba tena, akanitumia bei mpya.

Zimebaki gramu 4 na ushee. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanajifunzia kusoma kuveti.