Lori la GMC la 1/35: rangi ya maji au ya mafuta?
Ukifufua modeli ya 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko lori halisi) ya GMC CCKW, lile lori la Marekani la Vita Kuu ya Pili, upake akriliki ya maji au rangi ya mafuta?

Kwa gharama, akriliki: brashi unaosha kwa maji tu. Ya mafuta inadai tapentaini, na harufu yake katika chumba kimoja cha mtaa wa Birere ni kero. Tena hukauka polepole, na hapa Goma vumbi jeusi la lava hulisubiri tu lori lenye rangi mbichi. (Likichekechwa, vumbi hilohilo linapendeza kwenye matairi.)

Kwa kushika, mafuta iko mbele. Akriliki bila rangi ya msingi hubanduka kwenye kona za bodi.

Lori la kuchezewa na watoto, mafuta. La kabatini, akriliki, kisha madoa ya rangi ya mafuta juu yake ikishakauka kabisa.