Uzoefu wangu: safari nne na kikundi cha mimea ya porini, Mwanza

Tangu mvua za vuli zilizopita nimeshiriki safari nne za kikundi cha wapenzi wa mimea kinachoondoka mjini Mwanza Jumamosi moja kila mwezi kwenda kutafuta na kuorodhesha mimea ya porini, na kwa kuwa ndugu na majirani wameniuliza kama shilingi 10,000 za ushiriki zinastahili kutolewa, nimeona niwajibu kwa maandishi. Zinastahili, hasa kwa mtu aliye tayari kuandika, kwani anachokipata pale ni mafunzo ya kuweka kumbukumbu, na matembezi ni nafasi tu ya kuyapata.

Tulianzia ufukweni Luchelele. Nimekulia Nyegezi, na maisha yangu yote kila mmea mrefu uliosimama majini niliuita matete. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, alitupa mashina mawili tuyapapase tukiwa tumefumba macho: la kwanza lilikuwa la mviringo, lenye vifundo na uwazi ndani, nalo ndilo tete; la pili lilikuwa na pembe tatu na halikuwa na kifundo hata kimoja, nalo ni funjo. Kwa muda wa saa nzima hatukusogea hata hatua hamsini. Kila mmoja aliandika kwa penseli, maana wino huchuruzika ukinyeshewa, akitaja tarehe, mahali, hali ya udongo, urefu wa mmea, mimea inayoota jirani yake, na rangi ya ua kabla halijanyauka. Picha nazo zilipigwa kwa utaratibu: ua, upande wa chini wa jani, shina, kisha mmea mzima. Picha zangu za zamani, ambazo karibu zote ni za maua peke yake, hazikunisaidia kutambua hata nusu ya niliyoyapiga.

Vitawi vya mimea iliyo mingi hubanwa katikati ya magazeti na vibao viwili, na magazeti hubadilishwa kila siku hadi kitawi kikauke kabisa. Kila kielelezo, yaani kitawi kilichokaushwa ili kihifadhiwe, hutengenezwa mara mbili. Mwalimu alitueleza sababu yake: vielelezo vingi vilivyokusanywa nchini kwetu enzi za Wajerumani viliteketea Machi 1943, pale jumba la kuhifadhia mimea mikavu la Berlin liliposhambuliwa kwa mabomu, na vilivyosalimika ni pamoja na vile ambavyo nakala zake zilikuwa zimepelekwa kwingine. Tangu siku hiyo sijakausha kitawi kimoja pekee.

Safari iliyonigusa zaidi ni ya tatu, upande wa Misungwi. Baada ya kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, tulipokelewa na bibi mmoja ambaye tulimwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akatuongoza hadi kwenye nengonengo lililokuwa limechanua maua ya zambarau yenye harufu nzuri. Wataalamu huuita mti huu Securidaca longepedunculata. Mizizi yake, inayonukia kama dawa ya kuchua, huchimbwa sana na waganga ingawa ina sumu inayoweza kuua, na ndiyo maana kikundi hakiweki mahali halisi pa mti huo kwenye ramani ya wazi. Nilihuzunika sana mshiriki mmoja alipoanza kuufukua mzizi "aonje harufu"; bibi alimzuia kabla ya viongozi, na kwa maoni yangu onyo lilipaswa kutolewa kabla hatujashuka garini.

Lipo jambo jingine nililolilalamikia. Fomu ya kikundi ilikuwa na nafasi ya jina la kisayansi na la Kiswahili, lakini haikuwa na nafasi ya jina la Kisukuma, ilhali bibi yule alikuwa akitutajia majina tangu asubuhi na hakuna aliyeyaandika. Majina ya kisayansi nayo hubadilika: mgagani, ambao wengine huuita mwangani, vitabu vingi huuandika Cleome gynandra, na sasa wataalamu huuita Gynandropsis gynandra, lakini mama anayeuchuma mboga ameendelea kuuita mgagani. Nashukuru kwamba safari ya nne tulikuta safu ya jina la Kisukuma imeongezwa, pamoja na nafasi ya kumtaja aliyelitoa, iwapo ameridhia.

Usafiri ni dhaifu. Mara mbili gari limechelewa kwa zaidi ya saa moja. Kubwa zaidi ni kukosekana kwa sanduku la huduma ya kwanza. Kijana mmoja alivunja tawi kwenye uzio wa minyaa, utomvu ukamwingia jichoni, na tulimwosha kwa maji yetu ya kunywa hadi tulipomfikisha zahanati. Anayekwenda na watoto abebe maji ya ziada, awavishe mikono mirefu, na asiwaache waguse mmea wenye utomvu mweupe.

Safari ijayo ni ya Kisiwa cha Saanane. Kwa kuwa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, hatutachuma kitu. Nendeni na penseli, daftari na simu iliyojaa chaji.