Stetoskopu ya fundi kwenye injini kuukuu ya CG: uzoefu wangu

Kifaa chenyewe ni kama kile cha daktari, ila mahali pa kisahani cha kifuani kuna kikombe kidogo cha chuma chenye utando ndani, na kwenye kikombe hicho hukazwa kijiti cha chuma cha urefu wa kama sentimita 20. Nimekitumia mwaka mzima kwenye pikipiki kuukuu zenye injini ya pushi rodi (fito za chuma zinazopeleka msukumo juu kwenye valvu): ile ya Honda CG125 iliyoingia sokoni mwaka 1976, na nakala zake za Kichina za cc 125 na cc 150 zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu kifaa kinaonyesha kelele iko wapi, hakisemi ni ya nini. Anayekinunua akidhani kitamtajia ugonjwa atafungua injini isiyo na kosa.

Jambo la kwanza ni kujua unasikiliza injini ya aina gani. CG haina taimingi cheni, yaani cheni ya kuzungusha kamshafti, shafti yenye nundu inayofungua valvu. Kamshafti iko chini, inazungushwa na gia inayoshikana na krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na nundu yake moja tu ndiyo inayoinua pushi rodi zote mbili hadi kwenye roka, mikono midogo inayobonyeza valvu. Kwa hiyo ukiambiwa "taimingi cheni imelegea" kuhusu injini hii, aliyesema anabahatisha. Kwenye injini zenye kamshafti juu ya valvu cheni ipo kweli, na mlio wake ni wa kukwaruza ubavuni mwa silinda, hasa unapoachia mafuta ghafla.

Halafu oili, kabla hujavaa kifaa masikioni. CG inachukua kama lita moja tu. Ikipungua robo lita, robo ya oili yote imekwenda, na roka zilizo juu kabisa ndizo zinazolia mwanzo. Simamisha pikipiki wima kwa stendi kubwa mahali tambarare, zima injini, subiri dakika mbili tatu, futa kijiti cha oili, kitumbukize bila kukikaza kwenye uzi wake, ndipo usome. Tumia oili ya pikipiki ya 20W-40 au 20W-50 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki), maana klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Oili ya kupima siiamini kwa kazi hii: hujui uzito wake, na kelele ya oili nyepesi inafanana sana na ya tapeti iliyolegea, yaani skrubu ya roka inayoweka nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Kinyume chake pia ni kweli. Oili nzito mno inaficha kelele bila kutibu chochote, na baadhi ya wauzaji wa pikipiki za mtumba wanaitumia makusudi, kwa hiyo pikipiki iliyo kimya na oili inayotiririka kama asali ikague mara mbili.

Weka sailensi (mwendo wa injini bila kuongeza mafuta) ya karibu mizunguko 1,400 kwa dakika kabla ya kuanza. Kabureta ikiwa haijatulia, injini inayumba, na kikapu cha klachi hugongagonga bila ubovu wowote. Sikiliza mara mbili: dakika ya kwanza ikiwa baridi, kisha baada ya kuendesha dakika kumi. Tofauti ya mara hizo mbili inakupa nusu ya jibu.

Namna ya kusikiliza ndiyo inayowashinda wengi. Aluminiamu inasafirisha sauti kila upande, kwa hiyo popote utakapogusa utasikia kugonga, na mgeni wa kifaa hiki huamini kila kitu kimekufa. Mimi natia alama za chaki sehemu sita: juu ya valvu ya kuingiza, juu ya valvu ya kutolea, katikati ya silinda, kitako cha silinda upande wenye mfereji wa pushi rodi, kava la klachi, na kava la sumaku (lile gurudumu la kuzalisha umeme kwenye ncha ya krankshafti). Kila alama naipa namba ya 1 hadi 5 kwa mzunguko ule ule wa injini, kisha nalinganisha. Gusa kichwa cha bolti au mahali palipo nene. Kava jembamba ni ngoma, linakuza kila kitu, na mapezi ya silinda yanalia yenyewe, kwa hiyo peleka ncha ya kijiti hadi kwenye shina la pezi.

Mdundo unasema mengi kuliko ukubwa wa sauti. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti. Teremsha sailensi hadi injini ikaribie kuzima, weka kiganja nyuma ya ekzosi bila kuigusa, na usikilize kwa kijiti. Kila pumzi inayopiga kiganja ni mzunguko mmoja wa kamshafti. Kama kugonga kunakwenda na pumzi hiyo, tafuta kwenye valvu, roka, pushi rodi au kamshafti. Kama kuna mapigo ya haraka zaidi, mawili kwa kila pumzi, shuka kwenye krankshafti, koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) au sumaku. Kuna mtego hapa: tapeti mbili zilizolegea nazo hutoa mapigo mawili kwa pumzi moja, ila hayo hayapishani kwa usawa, huja "ti-tik, ti-tik".

Sasa tapeti zenyewe, kwa sababu kelele nyingi za CG zinaishia hapo. Nafasi ya CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Kama kitabu cha nakala uliyonayo kinataja kipimo kingine, fuata hicho. Toa plagi, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma polepole hadi alama ya T kwenye sumaku ikutane na alama ya kwenye kava. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zote ziwe na mchezo kidogo. Kama moja imebana, pistoni iko juu kwa mzunguko usio wake, kwa hiyo zungusha krankshafti duara moja zaidi. Legeza nati, pitisha fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.08 kati ya roka na shina la valvu, kaza skrubu mpaka fila iteleze ikikwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa kwenye kitabu kizito. Kaza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena. Kupima tena ni lazima, kwani nati inapokazwa mara nyingi huivuta skrubu na nafasi inabadilika.

Hapa ndipo kifaa kilipoonyesha thamani yake kwangu. Unapima 0.08 safi kabisa, unafunga, na kijiti bado kinasikia tik-tik kali juu ya valvu ileile. Fungua tena, geuza roka kwenye mwanga na upitishe ukucha kwenye ncha inayogusa shina la valvu. Ukucha ukizama kwenye kishimo, umepata jibu. Fila ni bapa, inalala juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro, inakwambia 0.08 huku nafasi halisi ikiwa hiyo pamoja na kina cha shimo. Kaza utakavyokaza, italia tu. Badilisha roka au skrubu iliyochimbika. Kuisaga kwa jiwe kunaondoa tabaka gumu la juu, na baada ya muda mfupi shimo linarudi likiwa kubwa zaidi. Ukiwa hapo, toa pushi rodi na uzivingirishe juu ya kioo. Iliyopinda itarukaruka.

Usikaze tapeti ili pikipiki inyamaze. Tapeti iliyonyamaza kabisa inanitia wasiwasi kuliko inayolia kidogo, kwa sababu valvu ya kutolea isipofunga sawasawa haipati mahali pa kupunguzia joto, inaungua ukingo, na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inaondoka.

Kabla ya kufungua kava la roka, hata hivyo, ondoa kijiti kwenye kikombe na upitishe mdomo wa kikombe peke yake kuzunguka mahali ekzosi inapoingia kwenye silinda hedi. Gasketi ya ekzosi iliyopasuka hutoa "chi-chi-chi" inayofuata mdundo wa kamshafti barabara kabisa, na wengi wamekaza tapeti zisizo na kosa kwa sababu yake. Ukisikia upepo, angalia kama kuna masizi meusi kwenye mapezi ya karibu. Gasketi hiyo ni ya bei ndogo, nati zake ni mbili, kazi ya robo saa.

Kelele inayobadilika ukibana klachi haiko kwenye pistoni. Weka nyutro, sikiliza kava la kulia, bana, achia. Ikikata au ikibadilika, tafuta kwenye kikapu cha klachi au beringi za gia. Ukifungua, shika gia kubwa ya nyuma ya kikapu na uizungushe kinyume na kikapu: ikicheza kwa ulegevu, springi za ndani zimechoka. Mpaka ufike hapo umeshamwaga oili, basi imwage kwenye beseni jeupe na upitishe kipande cha sumaku ya kawaida kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vyenye ncha vinavyonata ni chuma cha gia au beringi. Vinavyong'aa na kukataa kunata ni aluminiamu, na hapo angalia pistoni. Safisha pia lile chujio la kuzunguka lililo mwisho wa krankshafti, ndani ya kava hilohilo. Kwenye injini iliyochoka hujaa tope gumu mpaka halichuji tena.

Mlio wa kugonga wa chini na mzito, "dung-dung", unaozidi unapoongeza mafuta injini ikiwa na mzigo, ndio unaotisha, na ndio unaotaka subira. Kaza kwanza bolti za kushikilia injini kwenye fremu, angalia bati la ekzosi, halafu fungua kava la sumaku na ukague nati ya sumaku. Sumaku iliyolegea kwenye shafti hugonga sawasawa na koni rodi iliyokufa. Kijiti kitasema kelele ni kali zaidi kava la kushoto. Ikiwa imelegea, ivute utazame kifunguo kidogo cha nusu mwezi na mfereji wake kabla ya kuikaza upya.

Kama sumaku ni nzima, pima koni rodi bila kutoa silinda. Toa plagi, zungusha hadi pistoni iwe katikati ya safari yake, kama milimita 25 kutoka juu, kwa kuwa CG ina safari ya milimita 49.5. Tumbukiza mrija mgumu wa plastiki wenye urefu wa kutosha usiweze kuangukia ndani, uguse kichwa cha pistoni. Tikisa sumaku mbele na nyuma kwa mkono. Mrija utii papo hapo. Sumaku ikisogea kwanza huku mrija umetulia, kisha ukashtuka kwa "tok", kuna nafasi kwenye beringi ya koni rodi au pini ya pistoni. Hapo usiendelee kuendesha. Silinda ikishatolewa, koni rodi kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Kucheza juu na chini, hata kidogo, si kawaida.

Mlio wa pistoni ni rahisi: "tok-tok" tupu katikati ya silinda asubuhi, unafifia injini ikipata moto. Unaweza kuishi nao kwa muda kama pikipiki haili oili. Ikianza kutoa moshi wa bluu, pima silinda. Kipenyo cha ile ya CG125 mpya ni milimita 56.5, na pistoni za saizi kubwa zaidi zinaanza kwa nyongeza ya 0.25.

Kinachoshinda kifaa hiki ni kelele ya kupanda mlima, ule mlio wa kokoto ndani ya debe. Huo hutoka injini ikiwa na mzigo tu, hutaupata pikipiki ikiwa kwenye stendi. Tafuta masizi kwenye kichwa cha pistoni, mchanganyiko wenye mafuta machache, plagi isiyo ya namba yake au taimingi ya cheche iliyotangulia.

Udhaifu wa kifaa chenyewe: kijiti hulegea kwenye uzi wake kwa mtikisiko na kuanza kutoa tik-tik yake, inayofanana kabisa na tapeti. Kikaze kila baada ya alama mbili za chaki. Utando hubanduka ukiacha kikombe kimelala kwenye silinda ya moto. Mpira ni mfupi, kichwa kinakaribia injini, kwa hiyo fanya kazi mahali pa wazi kwa ajili ya moshi, nyutro, mbali na cheni. Kijiti kisiguse waya wa plagi. Na asipige mtu resi ukiwa umevaa.

Bisibisi ndefu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, inafanya kazi hii kwa kiasi kikubwa. Inatofautisha juu na chini. Haitofautishi valvu mbili zilizo umbali wa vidole viwili, wala haisikii upepo wa gasketi, na kwa hayo mawili pesa yangu haikupotea. Ukienda kununua, tikisa kikombe karibu na sikio. Kikitoa mlio wowote mkononi, chukua kingine. Hakikisha kijiti kina uzi mrefu wa kutosha kukaza kwa mizunguko minne au mitano, na vipira vya masikioni ni laini, vinaziba kweli.