Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, mi naipimia nyuzi za nyavu

Hii ni ile mizani ndogo ya digitali ya kupimia mabegi, ila mi nashona na kuuza nyavu hapa Mikindani na kila mzigo wa nyuzi unaokuja umeandikwa nailoni hata kama ndani ni kitu kingine kabisa, na jarife (wavu wa kutega samaki) likipasuka mvuvi ananifata mimi haendi kiwandani.

Kilo inasoma vizuri. Shida yake ikitulia kidogo tu inaganda kwenye namba moja, sasa uzi ukikatika ile namba ya mwisho huioni ng'o, inabidi urekodi video na simu halafu uirudishe polepole, hapo wametuangusha. Na usifunge uzi kwa fundo kwenye ndoano maana utakatikia hapo hapo kwenye fundo upate kilo za uongo, zungushia kwanza mara kadhaa kwenye kipande cha bomba huku na huku ndo ufunge.

Ila kilo peke yake haikwambii kitu bana, polista nene (uzi mwingine wa plastiki) itaishinda nailoni nyembamba na bado hujajua ipi ni ipi. Angalia mvutiko. Natia alama mbili za peni zimeachana nusu mita, rula pembeni, navuta taratibu: nailoni ya nguvu mara nyingi inapita asilimia 20 ndo inakatika, polista inakuwa ngumu toka mwanzo. Kipande kingine naloweka usiku kucha, nailoni inakunywa maji na kupungua nguvu kama asilimia 10 hadi 15, polista haijali. Polipropilini, plastiki nyingine nyepesi, wala usihangaike kuivuta, tupia kwenye ndoo, itaelea, hizo mbili zinazama. Tumia uzi mpya lakini, uliokaa juani sana unakatika mapema unakuchanganya.

Kuna jamaa alitaka nimpimie kipande cha kamba ili aseme ndo ya boti yake iliyoibiwa, nikamwambia hii itasema ni nailoni, haitasema ni ya nani, tena ukishavuta mpaka ikakatika ushahidi wenyewe umeuharibu, ndo maana wataalamu wanaanza na hadubini. Hata aina mbili za nailoni, ile 6 na ile 6,6, mizani haizitenganishi, hapo unataka maabara wapime joto la kuyeyuka, ya 6 kama 220 za sentigredi, ya 6,6 kama 260.

Ndoano inashika kutu haraka na chumvi ya huku, ipake mafuta. Kwa bei yake chukua, ila ukiipata inayobakiza namba ya juu kabisa ongeza hela uchukue hiyo.